Mkono Usio na Mwenyewe

Sofia, Busia,
Jumapili baada ya misa.

Kwa dada yangu Kevina,

Nakusalimu sana, wewe na watoto, na Mchungaji Egau, na waumini wenu wote wa huko Mulanda. Je, kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa matanga kimepoa? Na yule mdogo, meno yameshatoka au bado anawanyima usingizi? Nauliza kwa moyo, usidhani nauliza kwa sababu barua ndivyo zinavyoanza. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kila asubuhi naifungua meza yangu ya mitumba. Hayo mengine utayakuta mbele.

Najua utashangaa kuona karatasi siku hizi, wakati hata vikongwe wa kwetu Buhehe wanatumiana sauti kwa simu. Nimejaribu simu, dada. Inaita mara moja, inakatika. Nimeelewa. Basi barua hii nimempa Ariokot, yule mama anayechukua nguo za watoto kwangu kuja kuuza huko kwenu, nikamwambia akukabidhi mkononi na si kwa mtu mwingine. Na nimeandika kwa Kiswahili tulichofundishwa shuleni ng'ambo, upande wa Kenya, kwa sababu mumeo anajua kile cha kununulia sukari tu. Ukitaka kumsomea, shauri yako.

Habari za nyumbani ni hizi. Mdogo wetu Phiona amerudi shule. Nywele zimeanza kumwota, laini kama za mtoto mchanga, na anasema wenzake wanamwita kiazi. Bati la upande wa jikoni liling'oka kwa upepo, na Baba mdogo John Paul amelipigilia misumari. Mihogo ni mizuri. Haya yote Phiona ndiye aliyeniambia, maana mimi mwenyewe siruhusiwi kukanyaga ua wa Mzee, baba yetu. Na Mama hajaniitikia salamu tangu siku ile ya kunyoa wafiwa. Hilo ndilo linaloniandikisha barua hii. Mengine yote ningeyameza, nimeshazoea kumeza. Hili limenikwama kooni.

Ngoja nianze mbali kidogo, unavumilia? Unakumbuka ulipokuwa unafanya kazi kwenye kile kibanda karibu na geti la mpaka, ukiwawekea watu nyimbo kwenye simu? Mimi nilikuwa natoka shule na kaptula yangu, nakuja kukusubiri. Siku moja ukanivuta ndani, ukaniwekea kidude kimoja cha waya sikioni, kingine ukabaki nacho wewe, ukaniambia nisikilize wazimu huu. Kuna mteja alisahau kadi yake ya simu, na ndani yake hakukuwa na lingala wala nyimbo za injili. Kulikuwa na roki ya Kijapani. Wanaume watano wamepakwa nyuso nyeupe pe, wanja mpaka mashavuni, nywele nyekundu, makoti yanaburuta chini, wanapiga magitaa kama dunia nzima imewakosea. Halafu ghafla kelele zinakatika, na yule wa katikati anaimba polepole mpaka unataka kulia, na hujui hata neno moja analosema. Jina la bendi lilitushinda kutamka. Tukawaita Wale wa Makoti.

Jamani, tulivyowapenda! Wewe ndiwe uliyenifundisha, Kevina. Wewe ndiwe uliyegundua kwamba kuna vijana Kisumu na Nairobi na hata Kampala wanaokutana siku moja wamevaa kama wanamuziki wao au kama watu wa katuni za huko, wanaita kosplei, na hakuna anayemcheka mwenzake. Wewe ndiwe uliyechukua lile pazia jeusi kwenye bunda la mitumba, ukalikata na kulishona likawa koti, ukaniambia nisimame wima, niache kutembea kama mtu anayeomba radhi. Mimi nilikuwa mvulana ambaye kila mtu darasani alimsukuma. Nilipovaa koti lile, nikapakwa uso, nikajiona kwenye kioo, nikasema kumbe mimi pia ni mtu. Hilo sijawahi kukushukuru vya kutosha, na leo naona si siku yake, lakini nimelisema.

Nywele nikaanza kuzifuga. Wewe ukaolewa, ukaokoka, ukawa Mama Mchungaji. Mimi nikabaki nazo. Wanawake wa sokoni wananiita bibi harusi wa Sofia. Baba mdogo kila Krismasi ananiuliza kama nimefilisika hadi nimekosa kinyozi. Padre alinisimamisha nje ya kanisa akanisihi. Mtu pekee ambaye hakunisumbua ni Mzee. Mzee mwenyewe, enzi zake za kuvusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka huu hadi ule, si ndiye aliyekuwa anavaa koti la kike la manjano ili wateja wamwone kutoka mbali? Alikuwa anasema walimcheka wiki nzima, kisha wakawa hawapandi baiskeli nyingine. Aliponiona na nywele zangu aliuliza tu kama jua haliniumizi shingo.

Siku ile ya Kisumu naiweka kando kwanza. Nitairudia, usiogope.

Mzee alikufa, tukamzika. Wewe ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia jinsi mvua ilivyotunyeshea kaburini. Ninalotaka ulijue ni lile usilolijua, yaani nililokuwa nalo moyoni usiku wa kuamkia siku ya kunyoa. Wenzangu wa Nairobi walikuwa wamenipa nafasi ya yule wa katikati kwenye mkutano mkubwa wa kosplei. Si kwa sababu najua kuimba. Ni kwa sababu wote wanavaa nywele za bandia na mimi nina zangu, ndefu, za kichwani kwangu. Walinipigia simu, wakanipa pole ya msiba, kisha kwa aibu wakaniuliza kama huko kwetu wafiwa wananyolewa. Nikawaambia ndiyo.

Nikafikiri sana, Kevina. Ningeweza kukimbia, ningeweza kusema nina homa. Nikakata shauri nitanyolewa. Nikasema Mzee hakunidai chochote maisha yake yote, basi hizi nywele ni zake. Nikaenda kisimani alfajiri, nikaziosha rangi nyekundu yote ikatoka, nikazifungua, nikaja kukaa mkekani nyuma yako, bega wazi, kama mtoto yeyote wa marehemu. Nilikuwa nalia lakini nilikuwa na amani. Naomba uliamini hilo hata kama hutaliamini jingine.

Shangazi Ajambo akaanza na wewe kwa kuwa ndiwe wa kwanza. Niliziona nywele zako zikianguka kwenye ungo. Kisha akashika wembe mpya, akanigeukia mimi, na ndipo Baba mdogo John Paul akasema wembe usimame.

Unajua alichosema, ulikuwa umekaa mbele yangu. Lakini nataka nikikariri, maana nimekisikia kila usiku tangu siku hiyo na ni haki na wewe ukisikie mara moja zaidi. Akatoa simu yake, akasema ameletewa picha asubuhi hiyo, na hakusema imetoka kwa nani. Akasema hapa kuna kijana aliyejipaka uso mweupe kama majivu ya msiba, na michirizi ya machozi meusi kutoka machoni, na picha hii ilipigwa Mzee akiwa bado hai kitandani. Akauliza ukoo, mtu anampakia majivu nani kama si maiti? Akasema huyu alimlilia baba yake angali anapumua. Alimtangulizia matanga. Kifo kilisikia kilio kikaja kuuliza kimeitiwa nani.

Nilitaka kucheka, haki ya Mungu. Poda! Poda na wanja wa dukani! Lakini nikatazama nyuso za watu, hakuna aliyecheka. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Nikaanza kueleza habari za Wajapani na muziki, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujizamisha, maana nani pale Buhehe atasikia kwamba watu wazima wanajipaka majivu kwa furaha? Shangazi akauweka wembe chini. Na Baba mdogo akasogeza ile picha kwa kidole, akaonyesha kitu kingine. Akasema tazameni, huyu hakuwa peke yake. Kuna mkono begani mwake. Mkono una kucha nyeusi, umetokea pembeni, na hauna mwenyewe.

Wanawake wakapiga ukelele. Mzee mmoja akasema huo ni mkono wa waliotangulia, umekuja kumchukua marehemu, na kijana ndiye aliyeuleta hadi mlangoni.

Simu ikazungushwa mkono kwa mkono. Ikafika kwa Mama. Na Mama, macho yake unayajua, ukungu ule umeshamfunika, hata uso wa mtu hauoni mpaka aseme. Mama akaishika ile simu, akaigeuza huku na huku, kisha akakupa wewe. Akasema yeye haoni, umwambie wewe kilichomo, kwa sababu macho yako anayaamini.

Nikashusha pumzi. Dada, nilishusha pumzi kabisa. Nikasema moyoni, haya yameisha.

Ukaitazama ile picha. Uliitazama muda mrefu. Ukamwambia Mama ni kweli kuna uso mweupe, na machozi meusi, na mkono. Mama akakuuliza ni mkono wa nani. Ukamwambia hujui. Ukaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba tangu uokoke hujafuatilia mambo ya Jovan.

Basi. Shangazi alinipita, akamnyoa Phiona, na mtoto wa watu alilia si kwa wembe bali kwa kunitazama mimi. Nilibaki nimekaa pale mkekani na nywele zangu zote, mtu mzima, kama mgeni aliyekosea msiba. Nywele ambazo kila mtu alinisihi nizikate, siku niliyozileta mwenyewe ndiyo siku zilipokataliwa. Kwetu mtoto asiyenyolewa hakumzika baba yake. Chakula cha chungu cha Mama siruhusiwi kukila, mkono wa Mama siruhusiwi kuushika, mpaka ukoo ukae tena siku ya kumaliza matanga na kuamua kama mimi ni mtoto au ni mwuaji.

Wiki iliyopita Mama alikuja sokoni na Phiona kuuza mihogo. Phiona alikuwa amekwenda kutafuta chenji. Mama akawa anapapasa meza moja baada ya nyingine akitafuta sweta, akafika kwangu bila kujua ni kwangu. Akashika lile la kijivu, akalinusa kama anavyopenda, akaliweka kifuani kupima. Akauliza bei. Nilinyamaza, Kevina. Nilitaka asimame pale hata kidogo tu. Akauliza tena, akidhani mwenye meza ni kiziwi, na kwa upole wake akasema samahani mwanangu, sikuoni vizuri. Nikamjibu kwamba achukue tu, sitaki kitu. Aliposikia sauti yangu alilirudisha lile sweta mezani. Alilikunja kwanza, vizuri, mikono kwa ndani, kama alivyotufundisha. Halafu akageuka akaenda zake akipapasa meza za watu, na akagonga mti wa kibanda, na mimi sikuweza hata kumshika asianguke.

Nina hasira, dada yangu. Nisikufiche.

Sasa tuje Kisumu.

Ile picha haikupigwa na mzimu. Ilipigwa kwa simu yako. Tulimpa binti mmoja aliyekuwa amevaa mabawa ya karatasi atupigie, na alituambia tusogeleane. Wewe ulikuwa kulia kwangu na koti lako mwenyewe, lile ulilolificha kwenye gunia la mahindi kwa Mama. Uso wako ulikuwa mweupe kuliko wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekupaka na poda ilinimwagikia. Na kucha zile nyeusi ni mimi niliyezipaka, tumekaa kwenye ngazi za ule ukumbi wa kosplei, ukawa unacheka kwa kutekenywa, unasema Mungu atusamehe, Egau anajua nipo Buhehe namwosha Mzee miguu. Ulicheka siku ile kama ulivyokuwa ukicheka kibandani. Sijakuona ukicheka hivyo tangu uolewe. Kisha ukaniweka mkono begani, yule binti akatupiga picha.

Picha hiyo ilikuwa kwenye simu mbili tu, yako na yangu. Yangu ni nzima. Aliyoletewa Baba mdogo imekatwa upande ule wa kulia kwangu. Umekata vizuri, nakusifu, umejitoa wote. Ulisahau vidole tu.

Sijui ilitokaje kwako ikafika kwake. Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia labda mumeo alipekua simu, akaikuta ile iliyokatwa, akakuuliza, nawe ukaogopa ukasema ni ndugu yangu aliyepotea, tumwombee. Labda ndiye aliyeituma akidhani anasaidia. Nakubali hata hilo. Mke wa mchungaji akionekana vile, najua watakavyomwita, na najua kanisa lile ndilo linalowalisha watoto wako. Lakini mkekani Egau hakuwepo. Mkekani alikuwepo Mama, akakupa macho yake, na wewe ukamdanganya kipofu.

Na lipo moja ambalo sisi wawili peke yetu tunalijua, na ndilo linaloniua. Tuliporudi jioni ile Mzee alikuwa macho. Si yeye aliyetutuma? Si yeye aliyesema twende, siku moja haiwezi kumwua? Ulikuwa umekaa upande wa miguu yake. Nilimshikia simu karibu na uso, nikamwonyesha picha nzima. Alicheka, Kevina. Alicheka mpaka akakohoa, ukaja kumwinua mgongo. Akauliza yule mwingine mwenye sura ya unga ni nani. Nikamwambia ni Kevina. Akasema ndiyo, huyo kweli ni wangu, amerithi koti la manjano. Mama alikuwa jikoni, hakusikia. Ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokijua. Na sasa ukoo mzima unasema picha hiyo ndiyo iliyomwua.

Usitetemeke. Picha nzima sijamwonyesha mtu. Nimeifungua mara nyingi, namba ya Baba mdogo ninayo, na kidole kimekaribia. Sitaituma. Usidhani ni wema, wema umeniishia. Ni kwamba Mama haoni. Hata nikimpelekea picha mia, atampa mtu mwingine amwambie kilichomo, na aliyempa macho yake ni wewe. Nikisema mimi, ni mwuaji anajitetea. Kwa hiyo Mama hawezi kulijua jambo hili ila kwa kinywa chako. Siku ya kumaliza matanga utakuwa umekaa karibu yake kama binti mkubwa. Sikuombi uwaambie wazee. Sikuombi umwambie Egau. Mwambie Mama peke yake, sikioni, kwamba mkono ule una mwenyewe, na kwamba Mzee alicheka.

Kama hutasema, nitajua, maana nitakuwa nimesimama nje ya ua na sitaitwa.

Jumamosi nakwenda Nairobi. Nitasimama katikati na nywele zangu, wenzangu wamefurahi sana, wanasema kumbe mila zetu ziliniepuka. Sikuwaeleza. Nimezipaka nyekundu tena. Nitaimba ule wimbo wa polepole, na safari hii naona nitauelewa.

Ariokot atakupa pia kifurushi kidogo. Ni chupa yako ya rangi ya kucha, ile nyeusi, uliisahau mfukoni mwa koti langu. Imebaki nusu.

Wabusu watoto. Mchungaji mpe salamu za shemeji yake. Kifua ukitunze, unywe maji ya tangawizi. Na utakapofika Buhehe, nisalimie Mama, kwa kuwa mimi siwezi kumshika. Mshikie wewe, dada, kwa mkono huo huo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakunyolewa,

Jovan Oundo